Mzigo Wenyewe Hubisha Hodi

Umeme umekatika tena huku Katuba.
Jicho langu bado liko kwenye hadubini iliyozimika,
kioo bado kina joto.
Chini yake, upana wa ukucha,
kipande cha mshipa wa mtu nisiyemjua.
Karatasi inasema: mwanamume, miaka sitini na mmoja,
kazi: tanuru la shaba.
Hiyo ilikuwa kazi ya baba.

Kabla ya giza nilikuwa nimewaona,
walinzi wa mwili, wamevimba,
matumbo meupe kama povu kwenye beseni la dobi.
Kazi yao ni kula.
Mafuta yakichachia ndani ya ukuta wa mshipa
wao huyala, na yakija mengine
huyala hayo pia.

Mimi nimekulia mbele ya mlima mweusi wa mabaki ya shaba,
watoto tukidhani Mungu ndiye aliyeuweka pale.
Baba alisema: tanuru halina kosa.
Linatoa shaba, linatoa taka.
Mwenye kosa ni aliyesahau kuita lori.

Basi sikilizeni lori la seli linavyoitwa.

Katikati ya seli kuna chumba,
na chumbani maandishi marefu mno,
yamekunjwa kama vitenge vya mahari sandukuni.
Kurasa nyingine hazisomwi hadi kifo.
Kolesteroli ikizidi, sehemu yake hubadilika,
hupata oksijeni kidogo, huwa barua.
Barua huingia chumbani,
humgusa karani aliyesinzia juu ya daftari,
protini tu, lakini mimi humwita karani,
naye huamka, husoma ukurasa uleule alioulalia:
jengeni milango.
Na milango hujengwa kwenye ngozi ya seli,
na mafuta hutolewa, punje kwa punje,
hupakizwa kwa wachukuzi wembamba wa damu
hadi kwenye ini,
kisha nyongo,
kisha nje, kwaheri.

Jambo hili lilininyima usingizi mwaka wa kwanza wa masomo:
hakuna msimamizi.
Hakuna kengele ya zamu, hakuna bosi na kofia yake.
Mzigo wenyewe hubisha hodi.

Kwa nini, basi, huyu wa kwenye kioo?

Profesa Kyungu alivunja chaki mbili akitueleza.
Akiingia mdudu, alisema, seli huitwa vitani,
na karani hunyang'anywa daftari.
Mtu hapigani huku anafagia.
Vita vya siku tatu, si neno, karani atarudi.
Lakini moto mdogo usiozimika,
moshi wa miaka, kidonda kisichofunga,
huacha ukurasa umefungwa,
na walinzi hushiba wakavimba
palepale walipokuja kuokoa.

Sitaki kumfanya baba kuwa seli.
Angecheka, angeomba bukari iongezwe,
na ngozi ya kuku, ile ya mgongoni.
Ingawa namkumbuka miezi ile bila mshahara,
anarudi jioni, anakaa, anameza,
hasemi,
na asubuhi anavaa tena ovaroli.

Jenereta la jirani limekohoa. Mwanga.
Nahesabu upya, kidole kwenye skurubu:
kumi na mbili waliojaa povu,
na mmoja, pembeni, karibu nimruke,
ukingo wake umeshika rangi ya kahawia,
ile rangi tunayotia ili milango ionekane.
Katikati ya moto ule, bado alikuwa anatoa.
Naandika: mmoja kati ya kumi na watatu.
Nafuta, nahesabu tena. Ni yeye yule.

Simu inalia. Ni baba.
Anauliza kama vidonge vya moyo vinanywewa na chai.
Nasikia anaongea upande mmoja wa mdomo.
Jino lile, baba?
Jino gani, anasema. Haliumi sana.
Miaka miwili sasa haliumi sana,
lina usaha, linawaka polepole
kama takataka nyuma ya soko.

Kesho, mapema, kabla ya zamu,
nampeleka kung'olewa.
Hajui bado.